Uchovu Umelala Chumbani kwa Kitinda

Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana Bibi Fundi alifuta vumbi la chaki mezani, akakunja sare za shule zilizokuwa hazijapigwa pindo, akaisimamisha simu yake juu ya cherehani kwa kuiegemeza kwenye mkebe wa vifungo. Halafu alivaa miwani. Simu yenyewe ilikuwa ya sauti tu, haina picha ya kuangalia, lakini yeye alisema bila miwani hasikii vizuri. Waliomzoea walikwisha kuacha kumbishia.

Aliyempigia alikuwa Kitinda, binti yake wa mwisho, aliyekwenda ughaibuni siku nyingi na kuzaa mtoto huko huko. Kitinda alifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Aliwaogesha, aliwalisha, aliwageuza kitandani wasipate vidonda, na aliitika pale walipomwita kwa majina ya watoto wao wasiokuja kuwaona. Mazungumzo yake na mama yake yalikuwa yale yale. Mama aliuliza hali. Binti alijibu, "Mimi mzima, mama. Sina neno kabisa." Waliongea kidogo juu ya mvua na bei ya vitambaa, kisha Kitinda alisema anakwenda kuoga kabla ya zamu ya jioni, akamwachia mtoto simu.

Hapo ndipo palipokuwa na shida. Mtoto, ambaye Bibi Fundi alimpachika jina la Kipusa bila hata kumtia machoni, alijua Kiingereza peke yake. Baba yake alishakwenda zake. Mama yake akirudi kazini alimkuta amelala, akiondoka alimwacha amelala. Kipusa alilelewa na shule, na jirani, na televisheni, na wote watatu walisema Kiingereza. Kwa hiyo bibi na mjukuu walibaki kwenye simu wakisikilizana pumzi. Bibi alisema, "Kipusa." Kipusa alisema, "Bibi." Hiyo ndiyo lugha waliyokuwa nayo, na waliitumia mpaka maji ya kuoga yakafungwa.

Sasa, Bibi Fundi alikuwa na hakika kwamba binti yake anamficha jambo. Mtu akivuta tumbo ndani wakati wa kupimwa nguo, fundi anajua, na Kitinda alivuta tumbo ndani kila Jumapili. Hata baba yake alipofariki hakuja kumzika. Alisema karatasi zake za ukaaji bado ziko ofisini, na akitoka nje ya nchi ile hataruhusiwa kurudi, na mtoto amezaliwa kule, na kazi iko kule. Alilisema hilo bila sauti kutikisika, halafu akamalizia kwa kusema kwamba yeye mzima. Mama yake alilala na neno hilo kifuani kwa muda mrefu.

Aliyejua ukweli wa nyumba ile alikuwa mtoto. Bibi Fundi akaamua kujifunza Kiingereza, ila si chote. Cha kufanyia nini chote?

Nyumba ya pili kutoka kwake aliishi mwalimu mstaafu. Tangu astaafu alikuwa akikonda, si kwa ugonjwa bali kwa kukosa wa kumfokea, na kila mara alileta suruali zake zipunguzwe kiuno. Wakapatana kwamba suruali moja italipwa kwa maneno mawili, na yakiwa magumu, moja.

"Tuanze na salamu," Mwalimu alisema siku ya kwanza, akiwa amesimama na pini kiunoni.

"Salamu za nini?"

"Kila lugha huanza na salamu, Bibi Fundi. Halafu namba. Halafu siku za wiki."

"Siku za wiki ninazo. Mimi nataka hali za watu. Mtu akichoka anaitwaje. Akinuna. Akiwa na jambo moyoni hataki kulisema. Hayo ndiyo unipe."

"Na sarufi?"

"Sarufi nayo ikiwa na suruali, ije niipime."

Mwalimu alivuta pumzi ya kumfokea, akakumbuka zile pini, akafundisha.

Bibi Fundi hakuandika kitu. Maneno aliyaweka mguuni. Alipokanyaga pedali ya cherehani alilitamka neno kwa mwendo wake, "cheerful" la uchangamfu kwa haraka, "disappointed" la kuvunjika moyo polepole kwa sababu lina viungo vingi, na lile ambalo mguu umelikubali hakulisahau tena. Baada ya suruali kadhaa aliweza kusema kwa Kiingereza kwamba mtu huyu ni mchoyo, yule ana kinyongo, huyu anajisikia, yule ni mpole lakini usimchokoze. Kuomba maji hakujua. Angeshushwa katika nchi yao angekufa na kiu, huku anaeleza tabia ya kila aliyempita bila kumpa maji.

Jumapili aliyojiona yuko tayari, alingoja mpaka aliposikia bomba la kule limefunguliwa.

"Kipusa," alisema. "Mummy. Tired?"

Kipusa aliihamishia simu sikio la pili. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza jambo hilo, na alitaka kulijibu vizuri.

"Mummy is tired," alisema. "Very, very tired."

"Ahsante," alisema Bibi Fundi.

Alipokuwa anavua miwani alisikia kitanda cha chumba cha pili kikilia. Kilikuwa chumba cha Kitinda, na hakikulalwa tangu aondoke. Alikwenda akachungulia. Uchovu ulikuwa umefika. Ulikuwa umejitupa kifudifudi na viatu vyake, mkono mmoja ukining'inia mpaka sakafuni. Sura haukuwa nayo, lakini uzito wa mtu mzima ulikuwa nao, na godoro lilibonyea penye bega na penye nyonga. Bibi Fundi alipapasa penye miguu akauvua viatu, akaufunika shuka, akafunga dirisha la upande wa barabarani kwa ajili ya makelele. Kisha alirudi kumalizia kola.

Jumapili iliyofuata sauti ya Kitinda ilikuwa juu.

"Mama, wiki hii sijui nimekula nini. Naamka mwepesi. Ngazi za pale kazini nazipanda mbio."

"Ni kwamba uchovu wako uko huku," alisema mama yake. "Umelala chumbani kwako."

"Ala. Haukusumbui?"

"Haukoromi hata."

"Basi vizuri, mama," alisema Kitinda, na akaenda kuoga akiimba.

Bibi Fundi aliusikia wimbo ule kupitia simu aliyoishika Kipusa, na moyo wake ukafunguka. Kwa mara ya kwanza tangu binti yake apande ndege, kulikuwa na kitu angeweza kumfanyia. Alishukuru kwa sauti, palepale, huku mjukuu akisikiliza bila kuelewa.

Baada ya hapo aliuliza neno moja kila Jumapili, na Kipusa alijibu kwa ukweli wa watoto.

Wasiwasi ulipokuja haukulala. Ulitembea ukumbini kwenda na kurudi, ukajaribu kitasa cha mlango, ukaenda kuhakikisha bomba limefungwa, ukarudi kwenye kitasa. Bibi Fundi aliuwekea mkebe wa vifungo uvitenge, vya matundu mawili huku, vya matundu manne kule. Ulipomaliza alivichanganya tena, nao ukaanza upya bila kinyongo. Mwalimu alipokuja na suruali alivuta miguu yake nyuma ili wasiwasi upite.

"Huu ni 'worried' au 'anxious'?" aliuliza.

"Tofauti yake nini?"

"'Anxious' hauli."

Bibi Fundi alitazama sahani aliyouwekea asubuhi. "Basi ni huo wako," alisema.

Hasira nayo ilikuja. Ilisimama jikoni, na maji ya chai yakachemka kabla ya jiko kuwashwa. Bibi Fundi alifikiri kidogo, akaiondolea turubai cherehani ya pili, ile ya marehemu mumewe, akaipa kazi ya mikoba ya shule. Ilikuwa kazi ya kitambaa kigumu ambayo yeye mwenyewe magoti yalishamkatalia. Hasira ilishona kutwa. Mshono wake ulinyooka, na sindano haikuvunjika hata moja. Wazazi walioagiza mikoba walisema mwaka huu imeshonwa ikashoneka, haitachanika hata mtoto akiikalia. Bibi Fundi alizipokea sifa hizo na kusema atazifikisha.

Nyumba ikawa na watu, kwa namna yake. Tangu mazishi ilikuwa na nyayo za mtu mmoja tu, na kikombe kimoja kwenye sinia. Sasa cherehani ya pili ilikuwa inalia, ukumbini kulikuwa na mwendo, na chumbani kulikuwa na mtu aliyelala, wa kupitwa kwa kunyata. Bibi Fundi alizitumikia hali zile za bintiye kama mtu aliyeletewa wajukuu. Alikuwa anafurahi, na hakulificha.

Neno "homesick" Mwalimu alilileta siku ya pekee. Alivaa hata tai.

"Hili ni kubwa," alisema. "Hili peke yake ni suruali mbili. Maana yake ni kuumwa nyumba."

"Kuumwa nyumba?"

"Kama unavyoumwa jino. Ila kinachouma ni kwenu."

Bibi Fundi alilijifunza haraka, kisha akakaa nalo Jumapili nyingi bila kuliuliza. Maneno mengine aliyauliza akiogopa kuambiwa ndiyo. Hili aliogopa kuambiwa hapana. Mwishowe alijikaza, maji ya kule yalipofunguliwa.

"Mummy. Homesick?"

"What's that?" aliuliza Kipusa.

Bibi alikuwa hana la kulielezea, maana alijua hali za watu na basi. Alipekua mguuni mwake kote. "Sad," alisema. Halafu akakumbuka jina la kitu ambalo Mwalimu alilitaja alipokuwa anafafanua. "Sad. House. Bibi house."

"Oh," alisema Kipusa. "When she cooks. She's homesick when she cooks."

Hamu hiyo haikubisha hodi. Mlango wa mbele wa nyumba ile ulikuwa umelegea, mgeni alilazimika kuusukuma mpaka aitiwe msaada, kumbe ulitaka kuinuliwa kidogo tu kisha uvutwe. Hamu iliuinua ikauvuta. Ilivua viatu pale pembeni ya kabati, mahali Kitinda alipokuwa akigombezwa kwa kuviacha. Ilikwenda moja kwa moja jikoni ikachukua chumvi nyuma ya kopo la majani ya chai, ikaonja kilichokuwa jikoni, ikaongeza kidogo. Bibi Fundi aliisogelea tu. Zile nyingine zote alizionyesha pa kukaa. Hii ilikuwa inajua.

Kisha ilielekea chumba cha nyuma, kwenye kiti cha baba, ikasimama.

"Alishafariki, mwanangu," alisema Bibi Fundi. "Uliambiwa."

Iliambiwa, lakini ilikuwa haijakiona kiti kikiwa kitupu. Ilikaa sakafuni kando yake. Bibi Fundi naye akakaa sakafuni, magoti yakalalamika, akayanyamazisha. Walimlilia mzee wao pamoja, mama na hamu ya binti, mpaka jirani wakawasha taa. Hayo ndiyo yalikuwa matanga aliyokuwa akiyangoja. Alipoinuka kwenda kupakua chakula alijiona amepungukiwa na mzigo, akamshukuru Mungu, na Mwalimu, na Kipusa, na hata kampuni ya simu.

Mambo yalianza kwenda upande baada ya hapo, na yalikwenda kwa furaha.

"Mama, nimeongezewa zamu," alisema Kitinda. "Bosi anasema hajaona mtu kama mimi. Sichoki, sikasiriki, sihangaiki. Mwenzangu mmoja ameacha kazi, na hawajamwajiri mwingine, nimepewa mimi wazee wake."

"Na zile karatasi?"

"Karatasi gani?"

"Za kukuwezesha kuja nyumbani."

"Ah, hizo. Sijaenda kuzifuatilia, mama. Pale ofisini pana foleni." Alilisema hilo kama mtu anayekataa kuongezwa chai. Kisha akauliza, si kwa huzuni bali kwa kutaka kujua tu, "Hivi mlango wetu ulikuwa na rangi gani?"

Mama yake alimwambia. Kitinda akasema, "Hee," na akaenda kuoga.

Jumapili iliyofuata hakupiga simu. Iliyofuata hakupiga. Ya tatu alipiga Kipusa mwenyewe.

"Mummy is at work," alisema. "Mummy is fine."

Neno hilo Bibi Fundi hakuwa nalo. Alimpelekea Mwalimu nyumbani kwake, hata suruali hakuingoja.

"'Fine'?" alisema Mwalimu. "Maana yake mzima. Lakini hiyo si hali. Hicho ni kifuniko."

Bibi Fundi alirudi akakaa mezani. Ukumbini wasiwasi ulikuwa unatembea. Kwenye cherehani ya pili hasira ilikuwa inamalizia mkoba. Alizitazama, na jambo lenyewe likamjia lote kwa pamoja. Uchovu ule ungebaki kule ungemketisha Kitinda chini, mbele ya watu, na mtu angelazimika kuuliza kulikoni. Hasira ingemfikisha mlangoni kwa bosi. Hamu ingempeleka ofisi ya karatasi akasimame kwenye foleni mpaka wamchoke. Yeye, mama mtu, alikuwa amevitoa hivyo vyote katika nyumba ile ya wazee, kimoja kimoja, kila Jumapili, tena kwa miwani machoni. Alikuwa amemshonea bosi mfanyakazi wa vipimo vyake. Alijisikia vibaya, akajilaumu, kisha akaacha, kwa sababu kujilaumu nako kulitaka mahali pa kukaa na nyumba ilikuwa imejaa.

Alimwita Mwalimu.

"Zilikuja kwa kutajwa," alisema Mwalimu baada ya kufikiri, "zitarudi kwa kutajwa. Ila safari hii si kuuliza. Mwenyewe aambiwe kwamba ni zake. Itabidi useme sentensi nzima."

"Nifundishe."

"Hiyo ni sarufi, Bibi Fundi."

"Najua."

"Sentensi nzima haiendi kwa suruali."

"Lete koti."

Alileta koti la harusi yake mwenyewe, lililokuwa linamwelea mabegani, na Bibi Fundi akalipunguza kwa siku ambazo mguu wake ulikuwa ukifundishwa sentensi. Haikuwa ndefu, lakini ilikuwa na maneno mawili ambayo si hali ya mtu yeyote, na mguu uliyakataa mwanzoni. Mwalimu alifoka. Alifoka vizuri sana, na inasemekana tangu wiki ile aliacha kukonda.

Bibi Fundi hakungoja Jumapili. Alipiga simu siku ya kazi, saa ambayo Kitinda huwa anakula. Mtu aliye ughaibuni akipigiwa simu ya ghafla kutoka kwao, moyo humpasuka kwanza ndipo aseme haloo. Kitinda aliitikia kama mtu aliyeulizwa saa.

"Mama? Kuna nini?"

"You are worried," alisema Bibi Fundi.

Mwendo wa ukumbini ulikatika.

"Mama?" alisema Kitinda, na safari hii sauti ilikuwa na moyo ndani. "Mama, kuna nini? Nani anaumwa?"

"You are angry."

Cherehani ya pili ilisimama katikati ya mshono. Mkoba ulibaki na mkanda mmoja.

La tatu lilimshinda kwa kitambo. Hamu ilikuwa sakafuni chumba cha nyuma, na asubuhi ile walikuwa wamekunywa chai pamoja. Katika zote ndiyo iliyomfaa, ndiyo iliyojua chumvi ilipo. Akiiacha ibaki, atakuwa na mwenzake mpaka kufa, na binti yake atakuwa ameondoka kabisa. Akageukia ukuta asiione.

"You are homesick," alisema.

Mlango wa mbele uliinuliwa kidogo, ukavutwa, ukafungwa.

Kitinda alianza kulia, na alilia kwa lugha ya kwao.

"Mama. Mama yangu. Baba amekufa na mimi sijamzika. Mama, mimi si mzima. Wamenipa kazi ya watu wawili, mama, na mimi nasema ahsante."

"Ndiyo, mwanangu," alisema mama yake. "Sema."

Alisema mpaka muda wa chakula ukaisha, akaongezea na dakika kadhaa za bosi. Uchovu peke yake Bibi Fundi hakuutaja, akauacha umelala.

Wiki ile ile Kitinda alikwenda kwa bosi wake na hasira yake yote. Bosi alimsikiliza vizuri, kichwa amekiinamisha upande. Alimwambia kwamba mlango wake uko wazi siku zote na kwamba anathamini watu wanaosema ukweli. Alimkumbusha pia, kwa upole, kwamba kuna waajiri wasiokubali mtu ambaye karatasi zake bado zinashughulikiwa. Ratiba ilibaki ilivyokuwa. Kitinda alikwenda pia kwenye ile ofisi ya karatasi, akasimama kwenye foleni na hamu yake, akafika dirishani, akaambiwa faili liko kwenye hatua na asubiri kuitwa. Alisubiri. Akarudi tena wiki nyingine, akaambiwa hayo hayo na mtu mwingine.

Lakini Jumapili alipiga simu, na hakusema kwamba yeye mzima. Alieleza kila kitu alichofanyiwa na kila alichojibu. Mama yake alisikiliza, akamtukana bosi kwa niaba yake, wakacheka. Siku hizo Kitinda aliongea na mwanawe kwa lugha ya nyumbani kila alipopika, kwa sababu hamu ilikuwa haimpi nafasi ya kunyamaza. Siku moja Kipusa alichukua simu akasema, kwa madaha ya mtu aliyebeba kitu kisimwagike, "Bibi, mama amekasirika. Lakini si kwako."

"Najua, mama," alisema Bibi Fundi.

"Kwako, Mummy is grateful."

Neno hilo Mwalimu alikuwa amempa bure, siku alipolipima koti mbele ya kioo. Bibi Fundi aliingiwa na hofu, maana lilikuwa limekwisha tajwa, na hakutaka kumpokonya binti yake kitu kizuri namna ile. Shukrani ilikuja, hilo halikuzuilika. Ilikaa mezani upande wa pili, ikaanza kumpasia pini moja moja kama alivyokuwa akifanya Kitinda alipokuwa mdogo. Bibi Fundi aliuliza haraka hali ya mama mtu ikoje kule. Kipusa alikwenda kuangalia, akarudi, akasema bado anayo. Waliona ajabu kidogo kwamba ile moja iliweza kuwa pande zote mbili, kisha wakaendelea na mambo mengine. Kitinda akachukua simu.

"Mama, nataka jambo. Nirudishie na uchovu. Nao ni wangu."

"Kesho una zamu ngapi?"

"Mbili."

"Basi hauondoki. Siku watakayokupa moja, tutaongea."

"Mama, utakulemea."

"Unanilemea nini? Nakunja shuka, nakunjua shuka. Huku umelala, Kitinda. Kule ungelala wapi?"

Bibi Fundi alijua fika kwamba neno hilo linamfaidisha bosi. Alikuwa amelipima kila upande, na hakuona pengine pa kukata. Kitinda naye alijua. Wakasikilizana pumzi.

"Ahsante, mama," alisema Kitinda.

"Ahsante wewe."

Jumatatu Kitinda aliingia kazini mapema, akawageuza wazee wake, akawageuza na wa mwenzake aliyeacha kazi. Faili lilikaa pale pale. Huku kwao mama yake aliusukuma taratibu mlango wa chumba cha pili. Uchovu ulikuwa umegeukia ukutani, umejikunja mkono chini ya shavu, na ulikuwa umekua tangu Jumapili. Sasa ulijaza kitanda chote, na miguu ilikuwa imeanza kutokeza nje. Bibi Fundi aliifunika kwa kanga yake, akashukuru kwamba kitanda kile kina mtu, akarudi mezani kukata shuka pana zaidi.